Mistari Miwili ya Kunakili

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Macho yamechoka na magoti yamechoka zaidi. Hidaya, fundi wetu mkuu wa programu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoingia sasa. Nikamwambia mimi ni wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma huku nawaza maji ya kuchota. Akasema, "Andika kama unavyotugombeza." Basi naandika. Ya vyeo na mishahara siyagusi, hayatawasaidia kitu. Nitaandika ya kunakili mafaili, kwa sababu huko ndiko nilikoogopa kuliko mahali pengine popote, na mimi nimezaa watoto sita, wawili kati yao njiani.

Niliingia ofisi ile kufagia na kupika chai. Mnaijua nyumba yenyewe, ile ya mawe juu ya soko la Lushoto, yenye bomba la moshi lisilotoa moshi. Walikuwa wanatengeneza programu ya zahanati za vijijini. Nesi anapima uzito wa mtoto, anauandika kwenye kishikwambi, nacho kinamwambia ampe dawa kiasi gani. Hivyo tu. Nilipoambiwa niliona ni kazi nyepesi, nikashangaa kwa nini vijana wanne wazima wanaifanya kwa miaka.

Siku ya kwanza Injinia Kaniki, mtu wa Bumbuli, mrefu na mwenye sauti ndogo, alinipeleka chumba cha mashine. Akanionyesha madirisha. Yasifunguliwe asubuhi, ukungu unaingia na kulala juu ya mashine kama umande. Kulikuwa na karai la mkaa kila pembe kunyonya unyevu, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha mkaa huo kila Jumatatu. Halafu akanionyesha kioo cha kompyuta.

"Mama, unaiona hii mistari inayopita?"

"Naiona."

"Ikiwa ya kijani, endelea na kazi zako. Ukiona mwekundu, niite."

"Nikuite hata ukiwa chooni?"

"Hata chooni."

Siku ya pili nilimwita akiwa chooni. Alitoka akikimbia, na hakunigombeza. Tangu hapo nikajua yule mtu anamaanisha anachosema.

Nilifagia chumba kile mwaka mzima nikitazama mistari. Maneno yalikuwa ya Kizungu, lakini neno ukiliona mara mia unalijua sura yake kama unavyomjua mtoto wa jirani, hata kama hujui jina lake la shule. Kaniki akaona nimeanza kujua kabla yake kwamba kazi inakwama. Akanikalisha kwenye kiti, akanifundisha. Alifundisha polepole, na alikuwa hapendi kurudia.

Nitawaeleza kama alivyonieleza. Kujenga programu ni kazi ndogondogo maelfu. Kabla mashine haijafanya kazi yoyote, inachukua alama ya kidole ya kila kitu kinachohusika: amri yenyewe na mafaili yote yaliyotajwa. Kitu kikibadilika hata herufi moja, alama nayo inabadilika. Halafu inauliza ghala: kuna mtu ameshafanya kazi yenye alama hii? Kama ipo, inachukua jibu lililohifadhiwa na haisumbuki. Kama haipo, inafanya. Na kwa kuwa mashine zetu zilikuwa dhaifu, kazi nzito zilipelekwa kwa mtandao kwenye mashine za kukodi Dar es Salaam, zikafanyiwa huko, jibu likarudi mlimani.

Sasa, miongoni mwa hizo kazi zilikuwemo za kunakili. Faili liko hapa, linatakiwa na pale. Basi. Lakini mashine haikuwa na busara ya kutofautisha. Ilichukua faili, ikalishusha hadi Dar, kule likanakiliwa, nakala ikapandishwa tena huku. Mvua za masika zikianza mtandao unakatikakatika, na ungekuta kazi ngumu zote zimekwisha, tumekaa tunangoja picha ya nembo irudi kutoka Dar.

Kaniki aliniuliza, "Mama, ukitaka kuhamisha sufuria kutoka jikoni kwenda sebuleni, utapita Korogwe?"

"Labda kama nimerogwa."

"Basi ndivyo tunavyofanya."

Akaandika mistari miwili katika kila kazi ya kunakili. Wa kwanza unasema kazi hii isipelekwe mbali. Wa pili unasema jibu lake lisiwekwe ghalani wala lisichukuliwe ghalani, linakiliwe upya hapahapa. Kunakili ni kazi nyepesi, kuihifadhi ni usumbufu kuliko kuifanya. Ujenzi uliokuwa unachukua asubuhi nzima ukawa unakwisha kabla chai haijapoa.

Mistari ile akanikabidhi mimi. Kila kijana akiongeza kazi mpya ya kunakili, mimi nahakikisha mistari miwili ipo. Nilikuwa na daftari na kalamu nyekundu. Kazi zilikuwa thelathini na nne, nazijua kwa majina. Nilipokuta mistari haipo nilimwita mwenye kazi mbele ya wenzake. Nakiri nilikuwa mkali. Wengine walikuwa wanasubiri nikaswali ndipo waingize kazi zao.

Kaniki akahamia Dodoma. Nikabaki na daftari.

Miaka ikapita akaja Hidaya. Binti wa Mlola, mdogo wa umbo, anajua kazi kuliko wote waliomtangulia, na ana adabu za nyumbani kwao mpaka zinachosha. Akiingia anapiga goti. Wakati huohuo mtandao mzuri wa kebo ukafika Lushoto, na ofisi ikahamishia karibu kila kitu kwenye zile mashine za Dar. Hapo mambo yakageuka. Faili sasa linazaliwa Dar na linatakiwa Dar, lakini mistari yangu miwili inasema linakiliwe hapa. Basi linapandishwa mlimani, linanakiliwa, linashushwa tena. Ni ile sufuria na Korogwe, ila kinyume.

Hidaya hakuniambia nimekosea. Alinionyesha saa. Siku tatu mfululizo aliweka saa mbele yangu ujenzi ukienda. Siku ya nne nikasema, "Haya, nimeona." Nikaitoa mistari mwenyewe, kwa mkono wangu, katika kazi zote thelathini na nne, nikitia tiki nyekundu daftarini. Nilipomaliza nikatangaza kwa sauti, "Nimemaliza na nimehakiki. Mtu asiguse."

Katika zile thelathini na nne, thelathini na tatu nilifanya vizuri. Moja ndiyo iliyoniandama.

Ilikuwa kazi ya kunakili jedwali la dozi. Jedwali lilitoka kwa madaktari, likawekwa kwenye kabati la pamoja la mtandaoni ambalo mashine zetu na za Dar zinalisoma. Zamani za Kaniki, kwa haraka, kazi ile iliandikwa kwa kutaja mahali kabati lilipo tu. Jedwali lenyewe halikutajwa. Kwa hiyo alama ya kidole ilishika amri na jina la kabati, haikushika kilichomo ndani. Miaka yote hatukudhurika, kwa sababu mistari miwili ilikuwa inalazimisha jedwali linakiliwe upya kila tunapojenga. Nilipoitoa, nakala ya kwanza ikaingia ghalani. Kuanzia hapo, hata madaktari wangebadilisha jedwali lote, mashine ingetazama alama, ingesema hii naijua, na ingetoa nakala ya zamani. Tena kwa rangi ya kijani.

Wiki mbili baadaye wakabadilisha. Dawa ya maji ya homa ya watoto ilikuja katika chupa mpya zenye nguvu maradufu, kwa hiyo kipimo kilitakiwa kiwe nusu. Jedwali jipya likawekwa kabatini Ijumaa. Jumatatu tukajenga, tukaweka programu kwenye kadi ndogo za kumbukumbu, bodaboda wakazipeleka zahanati mbili ambazo mtandao haufiki vizuri, moja upande wa Lukozi na moja upande wa Mlola. Kabla hazijaondoka mimi nilikaa na karatasi ya madaktari, nikalinganisha namba moja baada ya nyingine na jedwali la kabatini. Zote sawa. Nilikagua asili. Nakala iliyokuwa ndani ya kadi sikuifungua.

Jumatano asubuhi Mghosi Mntangi akarudi kazini. Huyu ndiye mlinzi wetu wa lango, rika langu, tulicheza wote utotoni. Alikuwa msibani tangu Jumamosi, kwa shemeji yake. Akaja jikoni, tukasalimiana Kishambaa kwa utaratibu wake, za watu, za shamba, za mifugo. Nikampa pole. Akanieleza mazishi yalivyokuwa, mvua ilivyonyesha, nani alikuja na nani hakuja. Nikammiminia chai. Akanywa nusu kikombe.

Ndipo akasema, "Kuna neno nilipewa nikupe. Tangu Ijumaa."

"Neno gani?"

"La yule binti, Hidaya. Aliona vibaya kukuambia mwenyewe, akaja kwangu kama mtu wa rika lako. Anasema katika kazi zako za kunakili, ile ya jedwali hukutakiwa kuitoa ile mistari. Itakuwa inatoa la zamani." Akachukua kiazi. "Mimi sikuelewa, ila nimelishika vilevile alivyolisema. Nilitaka kukuambia jioni ile ukiwa umetulia, ndipo simu ya msiba ikaja."

Niliacha chai mezani. Nikaenda chumba cha mashine, nikafungua nakala ya kile tulichopeleka. Mtoto wa kilo kumi na mbili, dawa ya homa: mililita kumi. Karatasi ya madaktari: mililita tano. Nikashuka mstari unaofuata, na unaofuata. Yote ya zamani, na dawa kule ni mpya.

Nikamwita Hidaya. Akaja akaona kioo, akakaa chini sakafuni.

"Nilijua Mghosi amekuambia Ijumaa," akasema. "Ulivyonyamaza nikajua umesharekebisha."

"Sikuambiwa."

"Nisingeweza kukuambia mimi, Bibi. Ulisema mtu asiguse."

Ni kweli, nilisema.

Lukozi simu iliita mara moja. Nesi akapokea, akasema kadi amepokea lakini hajaiweka, kishikwambi hakina chaji. Nilimshukuru Mungu kwa umeme mbovu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Ya Mlola haikuita. Tukapiga mara kumi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima wote ule na simu haikwenda. Nikasema tunaenda. Hidaya akasema ataenda yeye, mimi magoti. Nikamwambia nesi wa kule ni mtu mzima, hatasimamisha dawa kwa neno la binti. Tukapanda bodaboda mbili, mvua ikiwa nyembamba, udongo mwekundu umelainika kama sabuni. Katika kona za juu sikuona bonde, niliona weupe tu, na kwenye ule weupe nilikuwa nahesabu: kadi ilifika Jumatatu jioni, leo Jumatano, mtoto anakunywa mara tatu kwa siku. Niliogopa kuhesabu, na sikuweza kuacha.

Nesi Veronika tulimkuta anachoma sindano. Alinitazama nilivyotapakaa tope, akamaliza sindano yake kwanza. Nikamweleza. Akachukua daftari la wagonjwa, kidole kikashuka ukurasa mzima.

"Dawa ya maji ya homa nimetoa mara moja tu tangu Jumatatu," akasema. "Zaina, wa miaka mitatu. Jana saa sita. Kilo kumi na mbili. Mililita kumi, mara tatu kwa siku." Akafunga daftari. "Nilijiuliza moyoni mbona nyingi. Nikasema kishikwambi kinajua."

"Amekunywa mara ngapi?"

"Jana mchana hapa, jana jioni, leo asubuhi. Tatu. Ya nne saa sita hii."

"Tatu zinaua?"

"Tatu maradufu kwa mtoto huyu mdogo, sijui. Zinagusa ini. Zikiendelea siku tatu nne ndiyo naogopa sana. Nendeni, mimi naandaa barua ya hospitali."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nyumba ya akina Zaina iko chini ya zahanati, mteremko wa kushika migomba. Hidaya alitangulia, mimi nikashuka kwa makalio sehemu nyingine, sioni haya kusema. Nyumba imefungwa. Jirani akatuambia mama yake yuko shambani ng'ambo ya kijito, amembeba mtoto mgongoni. Tukavuka. Hidaya akaanza kupiga kelele kwa Kishambaa kutoka mbali, "Usimpe! Usimpe dawa!" Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage wakanyanyuka wote.

Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye tuta, chupa iko ndani ya kikapu, bado imefunikwa. Mtoto amelala mapajani. Nikamshika paji la uso. Homa ilikuwa imeshuka. Nikamwita, hakuamka. Nikamwita tena. Nimelea watoto na wajukuu, najua mtoto aliyelala, lakini dakika ile sikujua kitu. Niliweka sikio langu kwenye mdomo wake nikangoja pumzi, nikaipata, nikangoja nyingine.

Hidaya ndiye aliyeongea na mama. Mimi nilikuwa bado nahesabu pumzi.

Tulimpeleka hospitali ya wilaya kwa zile pikipiki, mtoto katikati ya mama yake na dereva. Wakamchukua damu, wakamtundikia maji. Daktari akasema majibu ya ini yatasomwa mara mbili, leo na kesho, kesho ndiyo itakayosema. Tukakaa kwenye benchi. Mama Zaina alikuwa na kanga yenye tope, na hasira yake ilipoanza kupanda ilikwenda kwa nesi.

"Veronika huyu," akasema. "Nikirudi nitamvua ile nguo nyeupe mbele ya watu. Anaandika kumi badala ya tano, hana mtoto yeye?"

Hidaya akanitazama. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Hakuna mtu kwenye benchi lile angejua kunakili ni nini.

"Si nesi," nikasema. "Nesi alisoma alichoandikiwa. Aliyeandika ni mimi. Nilitoa kitu nisichotakiwa kutoa, kishikwambi kikapata namba za zamani."

Alinigeukia. Nilingoja matusi, na kweli niliyataka.

"Bibi," akasema, "wewe na mama yangu umri mmoja. Nikuambie nini?"

"Niambie hilohilo lililo mdomoni."

"Siwezi."

Akageuka, akanipa mgongo. Tulikaa hivyo mpaka jioni, na siku ya pili asubuhi tukakaa tena hivyohivyo, mgongo wake mbele yangu. Sijawahi kugombezwa namna ile.

Saa nne daktari akatoka na karatasi. Ini liko salama. Zaina alikuwa ameshaamka, anataka uji na anamkataa kila aliyevaa nyeupe. Mama yake alilia, akaingia ndani, hakuaga. Nami sikustahili kuagwa.

Sasa ya kazi, muyashike. Kadi zote zilirudishwa. Kwenye kazi ya jedwali nilirudisha mistari miwili siku ileile, iwe kinga ya muda. Halafu Hidaya akaitengeneza inavyopasa: jedwali lenyewe likatajwa kwa jina miongoni mwa vitu vya kuchukuliwa alama ya kidole, kwa hiyo namba moja ikibadilika, alama inabadilika na ghala linanyamaza. Tulijaribu kwa makusudi, tukageuza tano kuwa sita, tukaona mashine imenakili upya. Ndipo mistari ikatoka tena, kihalali. Kwa hizo nyingine thelathini na tatu ilikwisha toka na ikae hivyo. Msiirudishe kwa woga, woga si sababu ya kuandika mstari wowote. Kabla hujaamua kazi ya kunakili ifanyiwe hapa au mbali, iwekwe ghalani au isiwekwe, uliza faili linatoka wapi na anayelihitaji yuko wapi. Kabla ya hayo yote, uliza kama mashine imeambiwa kila kitu inachotakiwa kukitazama. Na mkikagua, kagueni nakala. Watu wawili, kwa sauti, mkisoma kwenye kishikwambi.

Lililobaki si la mashine. Niliwaita wote chumba cha mashine, na Mghosi Mntangi nikamtoa langoni aje. Nikasema: anayeona kosa langu asimtume mtu. Asingoje ninywe chai. Aje mwenyewe, aseme kosa kwanza, salamu baadaye. Mghosi akacheka, akasema huko ni kuwaharibu watoto wa watu. Wengine walitazama miguu yao. Hidaya pia.

Wiki tatu zilipita, mtu hakuja. Niliogopa zaidi wiki zile kuliko nilivyoogopa kwenye kona za Mlola, kwa sababu najua sikuwa bila makosa wiki tatu. Yalikuwa yamekaa mahali, kwenye mdomo wa mtu.

Asubuhi moja, nikiwa nimeandika kazi mpya ya kunakili jana yake, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Hidaya alisimama pale na koti linachuruzika, hakupiga goti, macho yake yako ukutani badala ya kwangu, na sauti yake inatetemeka kama ya mtu anayeiba.

"Bibi, mstari wa kumi na nne umeukosea."

Iliniuma, siwadanganyi. Nikavaa miwani, nikautafuta mstari wa kumi na nne. Nilikuwa nimeukosea. Nikaufuta, nikauandika upya, nikahesabu herufi. Nilipomaliza niligeuka nikamkuta bado amesimama palepale, mkono kwenye kitasa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna mwingine?"

"Wa ishirini."